Pikipiki Inaruka Ukiwa Mwendo wa Polepole? Namna ya Kuituliza Hatua kwa Hatua

Swali hili haliishi: "Kwenye barabara iliyonyooka pikipiki inateleza vizuri, ila nikiingia kwenye foleni, nikigeuza au nikipita kwenye matuta, inaruka. Nikigusa resi kidogo inanirusha mbele, nikiachia inanivuta nyuma. Nibadilishe kabureta?" Mwingine anauliza kuhusu injekta. Mwingine ameshaambiwa na fundi kwamba kompyuta ya injini imekufa, na anatafuta pesa ya kununua nyingine.

Subiri kwanza. Usiguse kabureta wala kompyuta. Mara nyingi ugonjwa ni mchezo tu, yaani ulegevu kati ya kifaa na kifaa. Kati ya kiganja chako na tairi la nyuma kuna vitu vingi vinavyopokezana kazi: gripu, kebo, klachi, gia, cheni, spoketi, raba za rimu. Kila kimoja kina ulegevu wake kidogo. Ukiachia resi vyote vinalegea. Ukifungua vinakazana kwa pigo moja, kama mabehewa ya treni inapoanza kuondoka. Ukiwa kasi husikii kitu kwa sababu nguvu inasukuma upande mmoja muda wote. Ukiwa polepole unafungua na kufunga resi kila mara, kwa hiyo unalipata pigo hilo kila mara.

Ndiyo maana mwongozo huu una mpangilio: kwanza mchezo, halafu sailensa (mzunguko wa injini ikiwaka bila kuguswa resi, si bomba la moshi) na hewa, halafu mafuta, mwisho mkono wako mwenyewe. Ufuate hivyo hivyo. Anayerukia kabureta kabla ya kukagua cheni huishia kuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitabu cha pikipiki yako. Vipimo nitakavyotaja ni vya kawaida kwa pikipiki nyingi, lakini kitabu chako kikisema tofauti, kitabu ndicho cha kufuata.
- Spana, pamoja na ile kubwa ya nati ya ekseli ya nyuma.
- Bisibisi bapa na ya nyota.
- Rula yenye milimita.
- Mafuta ya taa, brashi laini na matambara ya kusafishia cheni.
- Oili ya cheni na oili nyepesi ya kebo.
- Stendi ya kati, au kitu imara cha kunyanyulia tairi la nyuma.
- Tochi, na simu ya kupigia picha kila kitu kabla hujakifungua.
- Uwanja mtupu, tambarare, usio na magari wala watoto wanaocheza.

Tahadhari mbili ambazo sitarudia. Ya kwanza: usisafishe wala kupaka cheni oili huku injini inawaka na gia imeingia. Cheni ikivuta tambara, inavuta na kidole, na kati ya cheni na spoketi kidole hakiponi. Zungusha tairi kwa mkono, injini imezimwa. Ya pili: usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na unaweza kuzidiwa kabla hujajua kuna shida.

Hatua ya 1: Ijue inaruka namna gani

Nenda uwanjani injini ikiwa imepata moto. Weka gia ya pili, nenda kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Fungua resi kidogo sana, achia, fungua tena. Sikiliza kwa masikio na kwa makalio.

1. Ukisikia "ta!" ya chuma kutoka nyuma kila unapofungua, huo ni mchezo wa cheni au raba za rimu. Anza na hatua ya 4 na ya 5.
2. Injini ikisita kwanza, ikagugumia, halafu ikakurupuka, shida iko kwenye hewa au mafuta. Bado pitia hatua ya 2 na ya 4, kwa sababu ni za bure, kisha nenda ya 6.
3. Ikitulia kwenye lami laini lakini ikaruka kwenye mashimo na matuta tu, mkono wako ndio unaotikisika na kuitikisa resi. Dawa iko hatua ya 9.

Kuna kipimo kimoja cha haraka ninachokipenda. Rudia zoezi hilohilo huku umebana klachi nusu, ishike pale inapoanza kuuma, yaani kushika. Kuruka kukitoweka, injini yako haina neno. Kinachogonga kiko nyuma ya klachi. Injini ikiendelea kusita hata hapo, ni ya kushughulikiwa yenyewe.

Hatua ya 2: Kebo ya resi na gripu

Pikipiki nyingi huhitaji mchezo wa milimita 2 hadi 6 pembeni mwa gripu kabla resi haijaanza kuvuta. Ukizidi hapo, mkono wako unazunguka bila kazi, halafu ghafla unakuta resi imeshafunguka kuliko ulivyotaka.

1. Injini ikiwa imezimwa, zungusha gripu kwa vidole viwili mpaka uhisi kebo imekaza. Pima umbali huo kwa rula pembeni mwa gripu.
2. Kama umezidi, legeza nati ya kufungia kwenye ajasta iliyo karibu na gripu, zungusha ajasta kidogo kidogo, pima tena, kisha funga nati. Ajasta ya juu ikiisha, kuna nyingine chini, kwenye kabureta au mahali hewa inapoingilia injini.
3. Zenye kebo mbili, moja inafungua na nyingine inarudisha. Legeza ya kurudisha kwanza, rekebisha ya kufungua, kisha kaza ya kurudisha mpaka ubaki mchezo mdogo tu.
4. Fungua resi yote, uiachie. Lazima irudi yenyewe kwa kishindo, usukani ukiwa katikati, ukiwa umekata kushoto, na ukiwa umekata kulia.
5. Washa injini, gia ikiwa nyutro, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio usipande hata kidogo.

Hiyo namba 5 usiiruke. Kosa la wanaoanza ni kuondoa mchezo wote wakidhani ndiyo ulaini wenyewe. Matokeo yake, ukikata kona kali kebo inavutwa na usukani, resi inafunguka bila wewe kuigusa, na unaingia kwenye ukuta ukishangaa.

Kebo ikiwa nzito au inakwaruza, ichomoe upande wa juu na uidondoshee oili nyepesi mpaka itokee chini. Zile zenye bomba la plastiki ndani hazihitaji oili nyingi, na ikiwa nyuzi zimeanza kukatika, nunua mpya. Kebo ni kitu cha bei ndogo.

Angalia pia gripu yenyewe. Watu wengi hubadilisha gripu kwa urembo, wakaisukuma mpaka ndani, ikawa inasugua kwenye kisanduku cha swichi. Au kile kizito cha mwisho wa usukani kinaibana kwa nje. Ukiiachia inarudi nusu, inakwama, halafu inaachia yenyewe. Chomoa, safisha bomba la usukani kwa tambara, acha nafasi ya milimita moja au mbili kila upande. Usipake grisi nzito humo, itakusanya vumbi na utarudi palepale.

Kama pikipiki yako haina kebo, yaani resi yake ni ya umeme, huna cha kurekebisha hapa zaidi ya hizo pembe mbili za gripu.

Hatua ya 3: Klachi

Hapa sitakaa sana. Klachi ya kebo iwe na mchezo wa takriban milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wake. Ikizidi, haiachi vizuri na pikipiki inavuta ukiwa umesimama. Ikipungua sana, inateleza na kuungua. Kebo yake pia itie oili, kwa sababu klachi inayouma kwa kurukaruka mara nyingi ni kebo kavu tu.

Ya haidroli huna cha kukaza. Angalia tu oili yake iwe safi na ifikie alama.

Kama klachi inauma kwa mirindimo hata baada ya kebo mpya, kikapu chake kinaweza kuwa kimechimbika pale sahani zinapokaa. Hapo lazima kifuniko kifunguliwe. Na oili ya injini iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2, maana klachi nyingi huoga kwenye oili hiyohiyo na baadhi ya oili za magari zina viungo vinavyoitelezesha.

Hatua ya 4: Cheni

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu, fanya hii. Cheni iliyolegea ndiyo inayosababisha malalamiko mengi kuliko kitu kingine chochote, na watu huipita kwa sababu inaonekana bado inazunguka.

1. Safisha kwanza. Lowesha brashi kwa mafuta ya taa, sugua pande zote nne, pangusa, acha ikauke. Petroli usitumie: inaweza kushika moto, na inaharibu vipete vya mpira kwenye cheni zenye vipete hivyo.
2. Soma kitabu kinasema upime pikipiki ikiwa kwenye stendi gani. Baadhi hupimwa kwenye stendi ya pembeni, nyingine kwenye ya kati, na vipimo havilingani.
3. Zungusha tairi taratibu, ukisukuma cheni juu na chini katikati ya spoketi mbili kila unapozungusha kidogo. Utakuta mahali inakaza na mahali inalegea. Tia alama pale inapokaza zaidi, kwa chaki au kalamu.
4. Pima hapohapo. Weka rula wima, sukuma cheni chini, soma, ivute juu, soma tena. Tofauti ndiyo mchezo. Kwa pikipiki nyingi za barabarani huwa kati ya milimita 20 na 40. Zile ndefu za njia mbaya, ambazo shokapu zake hushuka sana, huhitaji zaidi.
5. Kama imezidi, legeza nati ya ekseli. Zenye breki ya drum, legeza na ile nati ya mkono unaoshikilia drum.
6. Zungusha ajasta za pande mbili kwa kiasi kilekile, robo duru kwa robo duru. Alama za kushoto na kulia zisomeke sawa, la sivyo tairi litakaa upande.
7. Kaza ekseli kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni, kisha pima tena. Cheni hukaza kidogo unapofunga ekseli, kwa hiyo kipimo cha mwisho ndicho cha kuamini.
8. Tia oili upande wa ndani wa cheni, tairi likizungushwa kwa mkono. Acha ikae kabla ya kuondoka.
9. Breki ya nyuma: kanyaga. Ukisogeza tairi nyuma, ufito wa breki ya drum unakaza, na taa ya breki inaweza kubaki inawaka. Rekebisha vyote viwili.

Usikaze kupita kiasi. Cheni inayoonekana nzuri pikipiki ikiwa tupu hukaza zaidi ukikaa, maana pikipiki inashuka, mkono unaoshikilia tairi la nyuma unapanda kwa mzunguko, na umbali kati ya spoketi mbili unaongezeka. Cheni iliyokazwa kama waya inaua beringi ya shafti ya gia, na kuibadilisha hiyo ni kufungua injini. Ukijikuta katikati ya vipimo viwili, chagua uliolegea kidogo.

Kisha jaribu uzee wake. Shika cheni pale nyuma kabisa ya spoketi kubwa, uivute kuelekea nyuma. Ikitoka mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Angalia meno ya spoketi pia: yakiwa yamelala upande mmoja yakiwa na ncha kali, hakuna marekebisho yatakayosaidia. Badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya spoketi ya zamani italika haraka, na kuruka kutarudi kabla hujasahau ulicholipa.

Na kama mahali pa kukaza na pa kulegea panatofautiana sana, viungo vingine vimeshika kutu. Utaviona: vinakataa kunyooka vinapotoka kwenye spoketi ndogo. Cheni ya hivyo huwezi kuipimia sawasawa. Ukirekebisha pale palipokaza, pengine itaning'inia. Ukirekebisha palipolegea, utavunja kitu.

Hatua ya 5: Raba za rimu ya nyuma

Kwenye rimu nyingi spoketi kubwa haijafungwa moja kwa moja. Kati yake na rimu kuna raba zinazopunguza mshtuko. Zikikauka au kusagika, spoketi inacheza ndani ya rimu.

1. Nyanyua tairi la nyuma, weka gia ya kwanza, injini imezimwa.
2. Shika tairi, lizungushe mbele na nyuma. Macho yawe kwenye spoketi, si kwenye tairi.
3. Tairi likisogea dhahiri wakati spoketi imetulia, raba zimekwisha. Kusogea kidogo sana ukiwa unahisi ulaini wa raba ni kawaida. Kusogea kwa mlio wa kugonga si kawaida.
4. Toa tairi, ng'oa kibebeo cha spoketi, badilisha raba zote. Usichanganye mpya na kuukuu.

Utasikia kuna mafundi wanaojazia vipande vya tyubu ya zamani pembeni mwa raba. Inafanya kazi, na sitakukataza ukiwa huna raba mpya karibu. Ila vipande hivyo hukatika na kusogea, na upande mmoja ukijaa zaidi ya mwingine kibebeo kinakaa vibaya. Kichukulie kama kiraka cha kukufikisha.

Rudi uwanjani sasa, fanya tena zoezi la hatua ya 1. Wengi wenu mtaishia hapa na kwenda hatua ya 9.

Hatua ya 6: Sailensa, hewa na plagi

Sailensa ikiwa chini sana, kila unapoachia resi injini inakaribia kuzima, na unapofungua inabidi ijinyanyue kutoka shimoni. Kwa pikipiki nyingi ndogo huwa karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika. Injini ikiwa ya moto, ipandishe mpaka upande wa juu wa kipimo cha kitabu. Usivuke hapo. Sailensa ya juu mno inaondoa nguvu ya injini kushikilia mwendo unapoteremka, na skuta itaanza kutembea yenyewe.

Eya klina iliyoziba itoe na uisafishe kama ni ya sponji, au uibadilishe kama ni ya karatasi. Kuikung'uta ya karatasi ni kujidanganya. Plagi iangalie rangi: kahawia iliyofifia ni nzuri, masizi meusi makavu ni mafuta mengi, nyeupe kabisa ni mafuta machache. Tapeti (nafasi za vali) zilizokaza pia huharibu sailensa, hasa injini ikipata moto, kwa hiyo kama hazijapimwa kwa muda mrefu zipimwe injini ikiwa baridi.

Halafu tafuta hewa ya wizi. Mpira unaounganisha kabureta na injini hupasuka, hasa upande wa chini ambako huoni. Injini ikiwa kwenye sailensa, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kuuzunguka, mbali na plagi na nyaya. Mlio ukibadilika, umepata. Wapo wanaonyunyiza petroli ili wapate jibu la haraka. Ukifanya hivyo karibu na ekzosi ya moto, jibu litakuwa la haraka kweli.

Hatua ya 7: Kama ni ya kabureta

Inayohusika na mwendo wa polepole ni jeti ndogo (kitundu cha kupitishia mafuta) na skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa. Jeti kubwa haina kesi hapa, mwache anayekushauri uibadilishe.

1. Itambue skrubu. Ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa eya klina, kuifungua kunaongeza hewa, yaani mafuta yanapungua.
2. Ifunge taratibu mpaka iguse mwisho, ukihesabu duru. Andika namba hiyo. Usiikaze hata chembe, ncha yake ni nyembamba na inaharibu tundu.
3. Irudishe kwenye namba uliyoandika. Nyingi huwa kati ya duru moja na nusu na duru mbili na nusu.
4. Injini ikiwa ya moto, izungushe robo duru kila upande, ukisubiri kidogo kila mara, mpaka usikie mlio umepanda zaidi na umetulia.
5. Sailensa ikizidi, ishushe kwa skrubu yake ya sailensa, si kwa hii.

Ikiwa skrubu haibadilishi chochote hata ukiizungusha sana, jeti ndogo imeziba. Ifungue, safisha kwa dawa ya kabureta na pumzi ya kompresa. Waya usiingize, tundu hilo ni dogo kiasi kwamba mkwaruzo mmoja unalipanua. Kwa kabureta zenye diaframu (utando mwembamba wa mpira), inyanyue diaframu hiyo mbele ya mwanga na uivute kidogo kwa vidole: tundu dogo la ncha ya sindano linatosha kuifanya pikipiki isite na kukurupuka.

Hatua ya 8: Kama ni ya injekta

Pikipiki za injekta zina tabia moja inayowachanganya wageni. Ukifunga resi kabisa huku injini inazunguka kwa kasi kiasi, kompyuta inakata mafuta. Ukifungua tena inayarudisha, na kurudi huko ndiko unakosikia kama mrusho. Mfumo uko mzima. Tena pikipiki nyingi za karibuni hupewa mafuta machache kwa mwendo wa polepole ili zikidhi sheria za moshi, kwa hiyo mrusho unakuwa mkali kidogo.

Unachoweza kufanya: safisha koo la hewa kwa dawa yake na tambara laini, maana utando mweusi unaokusanyika pembeni mwa kipepeo (kibati kinachofunguka ukivuta resi) huharibu ufungukaji wa mwanzo. Skrubu yenye rangi iliyopakwa kiwandani usiiguse, ndiyo inayompa kompyuta sifuri yake. Injini ya silinda mbili au zaidi ikiruka na kutetemeka kwenye sailensa, inataka makoo yake yasawazishwe kwa geji; hiyo mpe fundi mwenye geji, si mwenye sikio zuri. Kama pikipiki ina chaguo la mwendo wa mvua, liweke ukiwa kwenye foleni, kwa nyingi linalainisha resi. Kubadilisha programu ya kompyuta kuwe kwa mwisho, baada ya cheni, raba na kebo kuwa sawa.

Hatua ya 9: Mkono

Hapa ndipo pikipiki yenye hitilafu ndogo inapoweza kutulizwa, na pikipiki mpya kabisa inapoweza kurukishwa.

1. Legeza viwiko. Ukiwa umekaza mikono, kila shimo linapita kwenye bega, linafika kwenye kiganja, linafungua resi. Jishike kwa mapaja kwenye tangi badala ya kuning'inia kwenye usukani.
2. Tia nanga. Acha kidole gumba au cha shahada kiguse kisanduku cha swichi wakati unazungusha gripu. Mkono ukiwa na mahali pa kuegemea, hauchezi.
3. Usifunge resi yote. Ukitaka kupunguza mwendo kidogo, irudishe karibu na kufunga, uiache imefunguka kwa unene wa unywele. Cheni inabaki imekaza na kompyuta haikati mafuta.
4. Maliza mchezo kwanza. Unapofungua, vuta polepole mpaka uhisi kebo na cheni vimekaza, ndipo uongeze. Ni sehemu ndogo ya sekunde, ila pigo linatoweka.
5. Kanyaga breki ya nyuma kidogo, huku resi ikiwa wazi kidogo. Hii ndiyo siri ya wanaozunguka kwenye nafasi ndogo bila kuyumba. Breki inakaza cheni muda wote na unapunguza au kuongeza mwendo kwa mguu, mkono ukiwa umetulia.
6. Tumia klachi pale inapouma. Ukiwa polepole kuliko mtu anayetembea, hakuna namna nyingine. Klachi inayooga kwenye oili inavumilia hilo. Ile kavu inapata moto haraka, ipe nafasi ya kupoa.
7. Jaribu gia ya pili. Gia ya kwanza inazidisha kila kosa la mkono. Kama injini haigongi wala kutetemeka, ya pili ni laini zaidi kwenye foleni.

Breki ya mbele iache ukiwa umekata usukani kwa mwendo mdogo. Usukani unajikunja na pikipiki inalala. Kuna pikipiki ambazo breki ya mguu inagusa na ya mbele, hizo zikanyagwe kwa upole zaidi. Skuta haina klachi ya mkono, kwa hiyo namba 5 ndiyo kila kitu: resi kidogo, breki ya nyuma kidogo, mkono wa kushoto ukifanya kazi ya mguu.

Weka vitu viwili chini uwanjani, vikiachana kama urefu wa pikipiki tano au sita, uzunguke kwa namba nane. Anza kwa mizunguko mikubwa. Ukiona unapiga resi kila unapogeuza, punguza mwendo na uongeze breki ya nyuma, si kinyume chake.

Ikiwa bado inasumbua

*Inaruka ikiwa baridi tu, ikipata moto inatulia.* Kwa kabureta, choki au mafuta ya jeti ndogo. Kwa injekta ni kawaida kwa dakika za mwanzo. Ikizidi, sensa ya joto la injini ipimwe.

*Ilikuwa sawa, ikaanza siku ilipobadilishwa ekzosi au eya klina.* Hewa imeongezeka, mafuta hayakuongezeka. Rudisha vya zamani ujaribu kabla ya kununua kitu kingine.

*Inaruka mvua ikinyesha.* Kofia ya plagi na waya wake. Itazame gizani injini ikiwaka. Cheche zikionekana nje ya kofia, badilisha. Usiiguse ikiwa inawaka.

*Mlio unapanda ukiachia resi na kukawia kushuka.* Hewa ya wizi au kebo iliyokaza mno. Rudi hatua ya 2 na ya 6.

*Cheni inalegea tena siku chache baada ya kukazwa.* Imekwisha, au nati ya ekseli haikukazwa vizuri. Kagua nati leo, si kesho.

*Taa ya injini inawaka.* Usibahatishe. Soma namba ya hitilafu kwa mashine au kwa kuhesabu mimweko ya taa jinsi kitabu kinavyoeleza.

*Umepita hatua zote na hakuna kilichobadilika.* Mpelekee fundi pikipiki, lakini mwambie hivi: mchezo wa kebo ni milimita kadhaa, wa cheni kadhaa, raba nimezikagua, sailensa iko hapa, skrubu ya mchanganyiko iko duru hizi, inaruka gia hii na injini ikiwa ya moto au ya baridi. Fundi akipata hayo ataanzia kwenye sensa ya resi, kikapu cha klachi au mchezo ndani ya gia. Usipompa, ataanza kwa kufungua kabureta.